Debe Lililofanya Kazi Sabato

Bustani pekee niliyowahi kuijenga kwa mikono yangu niliijenga kwa hasira. Watu husema hasira ni hasara. Husema hivyo kwa sababu hawakuonja mboga za chinsaga zilizotokana na hasira yangu.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, msichana mwenye cheti kipya na mdomo usiojua kunyamaza, nikifundisha sayansi shule iliyokuwa kilima cha pili kutoka nyumbani kwetu, upande wa Nyaramba. Mama yangu alikuwa ameteleza kwenye njia ya kisimani wakati wa mvua, akavunjika nyonga, akalazwa hospitalini Kisii mjini kwa miezi mingi. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Nyumbani walibaki kaka zangu wawili na wake zao.

Miaka hiyo watu wa kwetu walikuwa na wazimu wa chai. Aliyekuwa na kipande cha ardhi alipanda chai, na aliyekuwa hana alikaa akiwahesabia wenzake miche. Kaka zangu walipanda mteremko wote, wakapanda kando ya njia, wakapanda mpaka karibu na choo. Kisha, Mama akiwa kitandani hospitalini, wakatazama kile kishamba kidogo nyuma ya nyumba yake, pale alipokuwa na mboga zake tangu aolewe, wakaona kimekaa bure. Wakapanda chai hapo pia. Siwezi kusema walikuwa na nia mbaya. Walikuwa na miche iliyobaki.

Mama aliporudi, akiegemea magongo mawili, hakutaka hata kuingia ndani. Alisema kwanza apelekwe nyuma ya nyumba akaone mboga zake. Tukatazamana. Kaka yangu mkubwa akaanza kusifu hali ya hewa. Mama akatangulia mwenyewe, gongo hili, gongo lile, akazunguka kona ya nyumba, akasimama. Miche ya chai ilikuwa imejipanga mistari, mizuri kabisa, imeshika ardhi.

"Tulitaka upumzike, Mama," kaka yangu akasema.

"Nimeona," Mama akajibu, na akaomba apelekwe ndani akalale.

Tangu siku hiyo wifi zangu wakawa wanamletea mboga. Walikuwa wanawake wema, nawatetea mpaka leo. Huyu akileta managu, yule akileta majani ya maboga, na kila mmoja akimwambia maneno yale yale: "Wewe pumzika tu, Mama." Mama alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akapika. Lakini jioni moja nilirudi kutoka shuleni nikamkuta ameketi jikoni na fungu la chinsaga mapajani, analia kimya. Chinsaga ni ile mboga chungu ambayo wengine huiita mgagani, na kwetu mwanamke anajulikana kwa chungu chake cha chinsaga kama vile mwalimu anavyojulikana kwa mwandiko wake.

Nikamwuliza kama nyonga inamuuma.

"Mtu anayeletewa mboga ni mgeni," akasema. "Mimi sasa ni mgeni kwangu."

Niliumia vibaya. Sikungoja hata kuvua viatu. Nilivuka ua hadi kwa kaka yangu mkubwa, nikamkuta anakula, nikamwambia mambo ambayo mdogo hapaswi kumwambia mkubwa akiwa anakula. Nikamtaka ang'oe ile chai. Akanitazama kama mtu niliyemtaka amng'oe mtoto wake meno.

"Mche wa chai ukishashika haung'olewi," akasema. "Udongo umekwisha, Mwalimu. Unataka Mama alime wapi? Juu ya paa?"

"Atalima bila udongo!" nikasema.

Wifi yangu alicheka hadi akaweka bakuli chini. Mimi nikaondoka nimeinua kichwa, na nilipofika katikati ya ua ndipo nilipojiuliza nimesema nini hasa. Mdomo huponza kichwa. Kichwa changu sasa kilikuwa na deni la bustani.

Kumbe kulikuwa na kitu ndani ya kichwa hicho. Chuoni tuliwahi kuotesha maharage kwenye pamba, na mkufunzi wetu akatueleza kwamba mmea hauli udongo. Hula kilichomo ndani ya maji, na udongo ni mahali pa kusimama tu. Akasema kuna nchi ambako watu hupanda mboga katika changarawe na kuzinywesha maji yenye chakula. Sisi tuliandika hayo kwa ajili ya mtihani, tukayasahau. Nani angeyahitaji? Tulikuwa Wagusii. Kwetu ukisahau fimbo yako imechomekwa shambani, ukirudi unaikuta ina majani.

Nilihitaji mawe madogo, masafi, yasiyo na magugu. Nikaenda Tabaka, wanakochimba yale mawe laini ya kuchonga. Nilimkuta mchongaji mmoja ameketi juu ya rundo la makombo, mweupe kwa vumbi kuanzia nyusi hadi vidole vya miguu, akimalizia kuchonga kiboko. Nikamwuliza bei ya yale makombo.

"Haya ni takataka, Mwalimu. Wanunuzi wanataka kiboko, hawataki kilichotoka kwa kiboko. Unaenda kuyafanyia nini?"

"Kupanda mboga."

Aliita wenzake. Wakaja wakiwa na patasi mikononi, akaniomba nirudie. Nikarudia. Walicheka, halafu nadhani walinionea huruma, kwa maana walinijazia gunia, wakanijazia na la pili, wakalifunga vizuri kama unavyomfungia mgonjwa zawadi. Lori lililokuwa limepeleka ndizi lilinirudisha nayo hadi Keumbu, na pale sokoni kila mama muuza ndizi alitaka kujua ninapeleka wapi mawe, wakati kwetu mlimani yamejaa tele. Nikawaambia ni dawa. Niliona hilo lingewatuliza, na kweli lilitosha.

Keumbu hapo hapo palikuwa na fundi baiskeli, mtu wa kutoka upande wa ziwa, kwa hiyo tuliongea Kiswahili. Nilimwomba ekseli.

"Baiskeli iko wapi?"

"Hakuna baiskeli. Ni ya debe."

Akafuta mikono polepole. "Mwalimu, mimi nimefunga ekseli kwa baiskeli, kwa wilbaro, hata kwa kiti ya mlemavu. Lakini debe inaenda wapi?"

"Haiendi popote. Inainama tu, halafu inasimama."

"Sawa," akasema, akanipa ekseli, na alinisindikiza kwa macho hadi nikapotea.

Hilo debe ndilo lililokuwa akili yote ya bustani yangu. Mama asingeweza kumwagilia. Mtu wa magongo mawili hana mkono wa kubebea ndoo. Mimi nilikuwa shuleni mchana kutwa. Na ukweli mwingine ni kwamba mimi ni mvivu wa shamba tangu utotoni. Kupalilia kulinifanya nisome kwa bidii. Basi nilitaka bustani ijimwagilie yenyewe, asubuhi hadi jioni, bila kumwita mtu.

Juu ya nyumba yetu kulikuwa na chemchemi ndogo. Nilipasua mianzi, nikatoa vifundo, nikaiunganisha kuteremsha maji hadi kwenye pipa lililosimama pembeni mwa nyumba. Chini ya pipa nilitoboa tundu dogo, nikalitia utambi wa katani, maji yakawa yanachuruzika taratibu kuingia ndani ya debe. Debe nililikata mshazari, nikalining'iniza kwenye ile ekseli, nikalifunga jiwe nyuma. Likiwa tupu, jiwe linalivuta lisimame. Likijaa, linalemewa mbele, linainama lenyewe na kumwaga maji yote ndani ya mfereji wa kwanza, kisha jiwe linalirudisha. Mifereji ilikuwa mitatu, ya mabati, ile ya kukingia maji ya paa, niliyoiokota shuleni ilipobadilishwa. Niliijaza makombo ya Tabaka na kuipandisha juu ya miti, mmoja ukiwa chini kidogo ya mwingine, ili maji yapite wa kwanza, wa pili, wa tatu, na yaliyobaki yaingie migombani.

Urefu wa mifereji niliupima kwa kumsimamisha Mama na kuona kiwiko chake kinafika wapi. Wahenga walisema ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Wahenga hao walikuwa na nyonga nzima.

Chakula cha mboga nilikitengeneza kwa samadi ya kuku na majivu, nikavitia ndani ya kigunia na kukitumbukiza kwenye pipa. Mama alikuja, akanusa, akafunga pua.

"Tutakula mboga zilizokunywa hii supu?"

"Na ile mbolea uliyokuwa unaitia shambani, Mama, ulidhani ni sukari?"

Alinitishia kwa gongo. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu arudi.

Sasa nisijisifu mno. Maji ya kwanza yalitoka kwenye mifereji yakiwa meupe kama maziwa, kwa sababu sikuwa nimeosha yale makombo, na vumbi la Tabaka likagandamana chini likawa kama lipu. Nikayatoa yote nikayaosha mtoni, huku watoto wa shule yangu wakipita na kusema, "Shikamoo Mwalimu," kwa adabu iliyojaa kicheko. Mbegu za kwanza zikaota, zikanywa supu, zikaungua. Supu ilikuwa kali. Kaka yangu mkubwa alikuwa anapita kila asubuhi kwenda kuchuma chai, anachungulia, anasema, "Mawe yanaendeleaje?" Nilimchukia kwa moyo wangu wote, nikapunguza samadi.

Mbegu za pili zikakubali. Zilipanda taratibu, halafu siku moja nikaona zimeamua. Mashina yakanenepa, majani yakafungua vidole vyake, na Mama akawa anaamka mapema, anaegemeza magongo ukutani, anashika ukingo wa mfereji kama mtu aliyeegemea dirisha, na kuchuma akiwa amesimama wima. Alikuwa anaongea nazo. Alikuwa analiongelesha hata debe. Likiinama alisema, "Asante." Moyo wangu ulikuwa umejaa hadi pomoni, sioni aibu kusema hivyo.

Kosa langu kubwa lilikuja baadaye, na ni kosa ambalo lisingempata mtu wa mahali pengine. Kipande cha mti ambacho debe lilikuwa likikigonga kila liliporudi kilipasuka. Nikakiondoa nikaweka kipande cha chuma, jamaa ya kile tulichokuwa tukigonga shuleni kuwa kengele. Ilikuwa siku ya Ijumaa. Na kanisa letu liko chini kidogo tu ya nyumba yetu. Na sisi ni Wasabato.

Kesho yake ilikuwa siku tulivu ya kiangazi, madirisha ya kanisa yamefunguliwa yote. Tulipiga magoti kwa maombi ya kimya. Kimya kikashuka, hata watoto wakatulia. Kisha kutoka mlimani ikasikika: kong'!

Watu wakatikisika. Kimya kikarudi. Baada ya muda mrefu, pale ambapo kila mtu alikuwa amesahau: kong'!

Nilifungua jicho moja nikamwona Mama amefungua la kwake, ananitazama. Kwa miezi yote ile hatukuwa tumefikiri. Tulikuwa tunazima moto wa kupikia Ijumaa kabla jua halijatua, tunaweka majembe ghalani, tunafungua ng'ombe nira; na nyuma ya nyumba tulikuwa tumeacha kitu ambacho hakikujua Sabato ni nini.

Jumapili asubuhi mzee wa kanisa alipanda kuja kwetu. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye haki, aliyependa mambo mawili duniani: amri na chakula. Alizunguka mifereji, akalitazama debe likijaa, likiinama, likirudi. Alingoja lirudie, nadhani kwa kupendezwa tu. Kisha akamgeukia Mama.

"Mong'ina," akasema, kama tunavyomwita mama wa heshima, "amri haikutaja watu tu. Imetaja mtumishi, imetaja mnyama, imetaja mpaka mgeni aliye ndani ya malango yako. Sasa hili debe, tuliweke wapi?"

"Debe si mnyama!" nikadakia.

"Basi ni mtumishi."

"Ni debe!"

"Linafanya kazi, halifanyi?"

"Linafanya."

"Siku sita au saba?"

Nikakumbuka kwamba mimi ni mwalimu wa sayansi. "Na mto, je? Mto unatiririka Sabato kutwa."

"Mto umewekwa na Mungu," akasema kwa upole. "Debe umeliweka wewe."

Nilianza kumweleza habari za uzito na egemeo, nikachora hata mchoro chini kwa kijiti. Alisikiliza kwa subira yote na mwisho akasema kwamba hasemi livunjwe. Anasema lipumzike. Ijumaa jua likikaribia kutua lifungwe kamba, Jumamosi jua likitua lifunguliwe, kama kiumbe kingine chochote cha nyumba hii.

"Tutalifunga," Mama akasema.

"Mama!"

"Nimesema tutalifunga."

Mzee alipoondoka nilimweleza Mama alichokuwa amekikubali. Udongo hutunza maji, mawe hayatunzi. Jiwe la Tabaka halikumbuki kama lilinyeshewa asubuhi. Katika jua lile la kiangazi, siku moja bila debe ingezilaza mboga, Sabato ya pili ingeziua, na kiangazi kilikuwa bado kirefu. Kulifunga debe ilikuwa ni kuifunga bustani yenyewe, naye angerudi kupokea mafungu kutoka kwa wakaza wana wake hadi mwisho wa maisha yake.

Alisikiliza hadi mwisho. "Sitagombana na Mungu kwa ajili ya majani," akasema. Lakini niliona alivyoyatazama.

Wiki hiyo alichuma nyingi kuliko kawaida. Alhamisi akazichemsha chinsaga, akamwaga maji ya kwanza, akatia maziwa. Ijumaa akazirudisha motoni tena. Kwetu chinsaga haziliwi siku zilipochumwa, isipokuwa na mtu mwenye haraka au asiye na mama. Unazichemsha, unatia maziwa, unaziacha ndani ya chungu, na uchungu unatoka taratibu. Kisha akaniambia amemwalika mzee wa kanisa chakula cha Sabato.

"Yule yule?" nikauliza.

"Kwani tuna wazee wangapi?"

Jua lilipokaribia kutua alitoka na kamba ya katani. Hakunituma. Aliegemea mfereji, akalishika debe likiwa tupu, akalivuta nyuma ili matone yaanguke chini, akalifunga kwenye mti mafundo matatu, akalipigapiga mgongoni kwa kiganja kama anavyompigapiga ng'ombe. "Pumzika," akaliambia.

Nililala nimenuna. Sabato hiyo kanisani kulikuwa kimya kizuri sana, na mimi nilikichukia kile kimya. Ibada ilipokwisha nilitangulia mbio nyuma ya nyumba. Zilikuwa zimelala. Mfereji wa kwanza, ule unaopigwa na jua la asubuhi, majani yalikuwa yamening'inia pembeni kama nguo mbichi. Mama alinifikia akihema.

"Zinakufa, Mama. Niruhusu kikombe tu. Kikombe kimoja kimoja."

"Nilikubali mbele ya mtu," akasema. "Nikila neno langu, hata hizo mboga hazitapita kooni."

Akajifuta uso kwa ncha ya kitambaa cha kichwani, akaingia ndani kuandaa meza. Nilisimama pale nikalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na nikakumbuka kumtukana kaka yangu mkubwa kimoyomoyo, maana yeye ndiye aliyeanza.

Mzee wa kanisa alifika, akasali sala fupi, jambo lililoonyesha kwamba alikuwa amesikia harufu. Mama akampakulia ugali wa wimbi na chinsaga kutoka kwenye chungu. Akala tonge la kwanza, akafumba macho. Akala la pili. Nilikuwa nimeketi mbele yake nimebinua mdomo, sili.

"Mong'ina," akasema hatimaye, "mke wangu nyumbani ni hodari, siwezi kumsema. Lakini chinsaga zake zina ukali unaobaki kwenye ulimi mpaka jioni. Hizi zimelainika kabisa. Unazifanyaje?"

"Mimi?" Mama akasema. "Sifanyi kitu. Ijumaa, jua likiwa bado juu, naepua chungu, natia maziwa, nafunika. Halafu naziacha."

"Sasa ukali unatoka saa ngapi?"

Mama akafikiri. Namjua mama yangu. Hakuwa anatega mtego. Alikuwa anaeleza mapishi.

"Usiku, nadhani," akasema. "Na asubuhi, tukiwa kanisani. Ukizionja Ijumaa bado ni chungu. Ukirudi kutoka ibadani zimekuwa tamu. Maziwa ndiyo yanafanya."

Mkono wa mzee ukasimama njiani na tonge lake. Nilielewa wakati ule ule alioelewa yeye. Nikafungua mdomo, na Mama akanikanyaga mguu chini ya meza kwa ule mguu wake mzima. Ni mara chache maishani mwangu nimenyamaza kwa wakati unaofaa, na hiyo ni mojawapo.

"Maziwa ndiyo yanafanya," mzee akarudia polepole. "Usiku wa Sabato, na asubuhi ya Sabato." Akatazama ndani ya bakuli. Akatazama mlango wa nyuma. "Nimekula chungu hiki Sabato ngapi tangu nibatizwe?"

"Nyingi," Mama akasema. "Ulikuwa kijana."

Alianza kucheka. Alicheka hadi mabega yakatikisika, akajifuta machozi, akasema Mungu ana njia nyingi za kumrudi mtu, lakini hakujua kama mojawapo hupitia tumboni. Kisha akamaliza bakuli lake lote, maana kuelewa ni kuelewa na chakula ni chakula, akanawa mikono, akasimama.

"Hata ng'ombe hufunguliwa siku ya Sabato akapelekwa kunywa maji," akasema. "Imeandikwa. Nilipaswa kukumbuka hilo pale ulipokuwa unachora, Mwalimu. Lakini ulikuwa unapiga kelele sana."

Tulimfuata nyuma ya nyumba. Alilitazama lile debe, akazitazama mboga zilizolala, na nikaona amesikitika kweli. Alipiga goti akaanza kufungua fundo la kwanza. Mama alikuwa amefunga kwa uaminifu. Ilimbidi mzee wa watu atumie meno. Tulipotaka kumsaidia alikataa. Fundo la mwisho lilipoachia, akarudi nyuma na sote watatu tukasimama kutazama maji yakidondoka ndani ya debe. Lilijaa kwa uvivu kuliko siku zote. Kisha likainama, maji yakapita juu ya mawe, na debe likarudi: kong'!

Mzee alishtuka. "Hiyo sauti," akasema, "hiyo haimo katika maandiko. Jumapili mtaitafutia dawa." Jumapili nilikivisha kile chuma gunia, na tangu hapo debe liliinama kwa heshima, likisikika kama mtu anayekohoa ndani ya shuka.

Si zote zilizopona. Mfereji wa kwanza ulipoteza nusu yake. Lakini katika wa pili na wa tatu, kufikia jua kutua, majani yalikuwa yameinuka moja baada ya jingine, na Jumapili asubuhi nilimkuta Mama amekwisha kuamka. Alikuwa na gongo moja tu. La pili lilikuwa bado limeegemea ukuta wa jikoni, amelisahau. Alikuwa anachuma kwa mikono miwili, ameegemeza tumbo kwenye mfereji, na vikapu viwili vilikuwa vimejaa.

"Ziko nyingi kwa watu wawili," nikamwambia.

"Si za watu wawili." Akanisogezea vikapu. "Peleka kimoja kwa mke wa kaka yako mkubwa, na kimoja kwa mke wa mdogo wake. Mpe kila mmoja mkononi mwake."

Nikavibeba. Nilikuwa nimefika kwenye mistari ya chai aliponiita tena, na nilipogeuka nilimwona amesimama wima juu ya mboga zake, uso wote unacheka.

"Na uwaambie," akasema, "wapumzike tu."